Mkamwana wa Bandarini

Jumatatu, 5 Agosti

Sketi za kwaya bado. Cherehani imekata uzi asubuhi nzima, na baridi ya Ilomba mwezi huu haina adabu. Vidole vimekuwa vigumu, uzi haukubali kuingia kwenye sindano. Nimekunywa chai tu. Mama wa kwaya akija kesho nitamwambia umeme ulikatika.

Shemeji Gwakisa alipiga simu mchana. Mdogo wa marehemu mume wangu, kitinda mimba wa nyumba yao kule Kambepo, ziwani. Akianza na "shemeji yangu wa pekee" najua kuna jambo. Kumbe ni kiwanja. Kuna mtu wa mjini anataka kununua eneo lote la nyumbani, kuanzia kwenye migomba hadi mchangani, ajenge hoteli ya watalii. Vibanda vya makuti, taa za rangi, bwawa la kuogelea. Bwawa la kuogelea, na Ziwa Nyasa lipo hapo mbele! Nilicheka. Yeye hakucheka.

Halafu akasema polepole kwamba makaburi yatahamishwa. La mume wangu na la mama yao. Yatapelekwa kwenye makaburi ya kanisa, juu kule barabarani. Baba yao amekubali, akasema. Baba mwenyewe kasema hana neno.

Kisha nikasema kama baba ameshasema, mimi ni nani. Sina neno.

Nimekata simu, nimeshona mshono mzima kombo, nimeufumua. Nina neno. Nina maneno mengi sana.

Jumanne, 6 Agosti

Sikulala vizuri. Mume wangu, Baba Tuse, aliniomba kitu kimoja tu alipokuwa anaumwa: nimpeleke nyumbani akalale karibu na maji. Si kanisani juu, si hapa Mbeya. Nikampeleka. Na mimi niliahidi kwamba siku yangu ikifika nitalala pembeni yake. Sasa naambiwa atafukuliwa kupisha bwawa.

Tuse kapiga simu kutoka Iringa. Nikamweleza. Akasema, "Sasa mama, si umpigie babu umuulize mwenyewe?" Mtoto niliyemzaa mimi, ananiuliza hivyo.

Sijawahi kuongea na baba mkwe. Tangu niolewe. Sijawahi hata kumtazama usoni. Kwa Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba wa mume wake. Ukisikia anakuja unatoka njiani, unajifunika kanga kichwani, unageukia migomba mpaka apite. Huingii nyumbani kwake. Jina lake hulitaji. Hata humu sijawahi kuliandika, na hakuna anayesoma humu zaidi yangu. Wao wanaita kutila. Mimi ni Mhehe. Kwetu Iringa tuna heshima za wakwe, lakini si za kukimbizana kiasi hiki. Mama mkwe alinifundisha wiki ya kwanza, mwiko mkononi. Mchungaji akasema kanisani kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mama mkwe akaniambia njiani, "Mchungaji na aseme. We jifunike."

Nikajifunika. Miaka ya mwanzo nilinuna sana. Niliona nimeolewa kwa watu wa ajabu. Baadaye nikazoea, na baadaye zaidi nikaona kwamba na yeye anahangaika kama mimi. Alikuwa anaanza kukohoa tangu mbali ili nipate nafasi ya kujificha. Kofia yake ikisahaulika jikoni hakuifuata, aliacha jua limuunguze. Siku moja ya mvua kubwa alizunguka ua mzima, mtu mzima analowa, kwa sababu mimi nilikuwa barazani nachambua mchele.

Namjua kwa kikohozi, kwa nyayo, kwa mgongo. Uso siujui. Tuse anasema hajaona mkamwana anayempenda mkwe wake kama mimi. Sijui kama ni kupenda. Labda.

Jumatano, 7 Agosti

Umeme umekatika kweli. Mungu ana utani.

Nimekaa mlangoni na kazi ya mkono, mawazo yote yako Kambepo.

Nililetwa kule kwa lori. Kutoka Iringa, sanduku langu na godoro jipya, na shangazi wawili wa kunisindikiza wanaogombana njia nzima. Gari liliharibika Igawa, tukalala kibandani, tukala mahindi ya kuchoma. Baridi ya Mbeya, mvua ya Tukuyu, halafu gari likaanza kushuka na joto likatupokea. Shangazi mmoja akavua sweta, akasema mwanangu umepotea. Nilidhani naletwa kijijini. Nikakuta mji.

Kambepo ilikuwa bandari wakati ule. Si kubwa, lakini ilikuwa na kila kitu. Gati la mbao na saruji. Ghala refu la bati. Winchi. Ofisi ya forodha yenye bendera. Meli ikipiga honi tangu iko chini ya mlima wa upande wa pili, mji mzima ulisimama. Wanawake walikimbia na mandazi na samaki wa kukaanga. Wakisi walikuja na mitumbwi iliyojaa vyungu, vimefungwa kwa nyasi visigongane. Watu wa Malawi walishuka na sabuni, na vitenge, na mablanketi mekundu. Kutoka kwetu vilipakiwa mchele na kakao. Harufu ya kakao iliyolowa siisahau mpaka leo, chungu kidogo, inaingia hata kwenye nguo zilizoanikwa. Abiria waliokosa meli walilala ghalani juu ya magunia, na asubuhi ghala lote lilikohoa na kupiga miayo kwa lugha nne tano.

Mwenye duka kubwa alikuwa Mzee Salumu, asili yake Kilwa. Aliliita ziwa letu bakuli. Alisema maji yasiyo na chumvi si maji ya kujivunia. Lakini kila jioni alikuwa hapo gatini, kiti chake na tasbihi yake, analitazama bakuli.

Baba mkwe alikuwa mnyapara wa makuli. Ndiye aliyeongoza kupakia na kupakua. Nilimsikia kabla sijauona mgongo wake. Anaita, makuli wanaitikia, gunia linapanda. Anaita, wanaitikia. Sauti ilifika mpaka jikoni kwetu, na mama mkwe alipika kwa kuifuata, anakoroga ugali kwa mapigo yaleyale bila kujijua.

Baba Tuse alikuwa anaandika namba kwenye magunia kwa rangi nyeusi. Kucha zake zilikuwa nyeusi hata kwenye picha ya harusi. Nilikuwa na furaha. Niandike hivyo tu. Nilikuwa na furaha na sikujua kwamba ni furaha, nilidhani ni maisha ya kawaida.

Halafu mto ukaleta mchanga. Kila masika, mchanga. Meli ikaanza kusimama mbali, mizigo ikashushwa kwa mitumbwi. Kisha lami ikafika, malori yakachukua mchele shambani kwa mkulima moja kwa moja, nani asubiri meli? Ikaja mara moja moja. Ikaacha kuja. Ofisi ya forodha ikafungwa, popo wakahamia. Mzee Salumu alifunga duka akaenda kwa mwanawe Iringa mjini, akafia huko, mbali na maji yote. Sisi tukaja Ilomba. Baba Tuse alipata kazi ya kuandika mabango ya maduka. Kucha zikawa za rangi mbalimbali.

Umeme umerudi. Nimekaa tu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mbeya nzima iko viwanjani. Mimi sikwenda.

Jioni akaja wifi Atupele, dada yao kina Baba Tuse, ambaye ndiye anakaa na baba tangu alipofiwa na mumewe. Kaleta mchele wa kuuza kwenye maonyesho, na mwingine wa kunipa mimi. Nikampikia. Tulikula vizuri, tukasengenya vizuri. Kisha akanishika mkono akasema ananipa pole, na kwamba hanilaumu.

Nikauliza hunilaumu nini?

Akasema, "Kwa kuomba kaka ahamishwe. Gwakisa alituambia. Kwamba we mwenyewe umeona muziki wa bichi ya jirani unamsumbua marehemu, unataka alale mahali pa heshima, pale kanisani. Baba alinyamaza siku nzima, hakula. Halafu akasema ni mke wake, yeye ndiye anajua, mimi sina neno."

Nilisimama. Nikakaa tena. Nikamwambia nilichoambiwa mimi.

Tulitazamana kama watu walioibiwa kwenye basi. Gwakisa aliniambia mimi baba amekubali. Akamwambia baba mimi nimeomba. Kila mmoja akamheshimu mwenzake, akasema sina neno. Na hakuna ambaye angeweza kumuuliza mwingine, kwa sababu sisi hatuongei. Alijua hivyo. Amekulia katika ua ule, ameniona najifunika tangu hajaota ndevu. Alijua kabisa.

Nina hasira mpaka masikio yanawaka.

Ijumaa, 9 Agosti

Hasira bado. Nimekunja kitambaa cha mtu kombo tena. Mama wa kwaya kaniangalia tu.

Atupele anataka kwenda kumweleza baba. Nikamkataza. Gwakisa atasema Atupele kachanganya, Gwakisa ana ulimi wa kumwuzia mtu kiatu chake mwenyewe, na baba anampenda sana yule wa mwisho. Itakuwa neno la dada na neno la mdogo wake. Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya wiki ijayo, mnunuzi atakuwepo. Neno linapaswa kutoka kwangu.

Kwangu kwenda kwa nani? Hapo ndipo naishiwa.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimefika Kambepo. Sketi nimemwachia jirani amalizie pindo. Mgongo unauma.

Niko nyumba ya Atupele, nyuma ya migomba, ndani ya ua uleule. Nilipoingia tu nikasikia kikohozi upande wa pili. Cha kizee sasa, kimekatika katikati. Nikavuta kanga, nikageuka. Nyayo zikapita polepole, na fimbo. Mwili unakumbuka wenyewe. Nilitaka kulia.

Gwakisa hakutegemea kuniona. Alinikumbatia. "Shemeji yangu wa pekee!" Nilitaka kumpiga kofi, na papo hapo nikaona shati lake limechanika bega, nikataka kumshonea.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeenda kuiona bandari. Wazee bado wanasema bandarini. Vijana wanasema bichi.

Lile ghala sasa ni ukumbi wa harusi. Bati lilelile, limepakwa rangi ya chungwa, taa zinaning'inia. Ofisi ya forodha ni baa. Ndoano ya winchi imepakwa nyekundu, imesimamishwa getini, na wasichana waliotoka Mbeya wanapiga nayo picha, mmoja ameikumbatia. Ile ndoano ilimvunja mtu mguu. Gati limebaki nguzo nne ndani ya maji, na juu ya kila nguzo ndege mweupe. Kuna miavuli ya rangi mchangani. Kuna mtumbwi wa plastiki wa kukodi. Pasaka, Atupele anasema, watu wanajaa mpaka huoni mchanga, makanisa na mashule na vikundi vya kina mama, na vyakula vinapanda bei kijiji kizima.

Nilijiandaa kuchukia. Sitaki kujidanganya humu. Nilikaa kwenye kiti cha kamba, nikaagiza soda ya baridi, upepo wa ziwa ukanipiga usoni, na nikafurahi. Watoto walikuwa wanaogelea wakipiga kelele. Siku za bandari mtoto akionekana majini alichapwa. Kelele ilikuwa nzuri. Mahali palipokuwa pamekufa kabisa pana watu tena.

Mhudumu, binti mchangamfu, akaniuliza kama ni mgeni. Akanipa na historia bila kuombwa. Kwamba ghala lilikuwa gereza la Wajerumani, na usiku wafungwa wanasikika. Nikamwuliza nani kamwambia. Akasema wote wanajua, na wageni wanaipenda sana hiyo.

Lilikuwa ghala la mchele, mwanangu. Wanaokohoa usiku ni abiria waliokosa meli. Sikumwambia. Nimelipa soda nikaondoka.

Kutoka pale hadi kwetu ni ukuta wa michongoma tu. Upande huu mihogo, migomba, nyumba ya baba, na makaburi. Nimeelewa kwa nini mnunuzi anapataka. Ndicho kipande cha mwisho cha mchanga mzuri.

Kaburi la Baba Tuse limefagiliwa vizuri. Sikumbuki kumwomba mtu afagie.

Jumatano, 14 Agosti

Nimemwuliza Atupele nani anafagia. Akasema baba. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali. Na tangu aambiwe kwamba nimeomba kaburi lihamishwe, anafagia mara mbili.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Alhamisi, 15 Agosti

Tuse tena kwenye simu. Anasema mwandikie barua. Baba mkwe haoni herufi siku hizi, atasomewa na Gwakisa! Anasema basi mrekodie sauti. Simu anashika Gwakisa. Kila mlango ninaoufikiria, Gwakisa kasimama hapo na tabasamu lake.

Nimejaribu leo. Nikamsikia anakuja na fimbo, nikasema moyoni sasa simama, geuka, sema shikamoo baba. Nilijikuta kwenye migomba nimejifunika kichwa kizima, moyo unadunda kama wa mwari. Mwanamke mwenye mjukuu!

Ninaogopa nini? Si adhabu. Mama mkwe alikuwa ananitishia magonjwa, hayo siyaamini. Ninaogopa kumvunjia. Miaka yote hii amenitunzia heshima yangu na mimi nimemtunzia yake, ndiyo mali pekee tuliyo nayo kati yetu. Nikifungua mdomo nitakuwa nimeimwaga. Nisipofungua, mume wangu anahama.

Ijumaa, 16 Agosti

Kesho. Tumechambua mchele wa wageni. Sina hamu ya chakula.

Jumamosi, 17 Agosti

Niandike yote kabla hayajanichanganyikia.

Walikaa uani. Wanaume wa ukoo kwenye mabenchi, baba kwenye kiti chake, mnunuzi kwenye kiti cha plastiki kilichofutwa mara mbili. Mtu mpole, miwani, viatu safi. Alileta mkate na sukari. Sikuweza hata kumchukia. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, ukuta wa mianzi katikati. Tunaona kwa matundu, hatuonekani. Mimi nilitazama miguu tu.

Gwakisa alisema vizuri. Alisema bandari imekufa, tusiililie, iliondoka na meli yake. Alisema wenzetu wote ufukweni wameuza au wamejenga, sisi tunalima mihogo juu ya dhahabu. Watu walitikisa vichwa, na mimi nilikaribia kutikisa. Akasema familia yote imekubaliana, hata mkamwana, ambaye ndiye mwenye marehemu.

Atupele akasema kwa sauti kupitia ukutani, "Baba, mkamwana ana neno."

Gwakisa akamkata. Mkamwana ameshasema na mimi, hana neno, tusichoshe wageni.

Hapo likanitoka. Nilisema, "Nina neno."

Nilisema kwa sauti ya sokoni. Kuku walikimbia.

Na baba mkwe akauliza, "Nani huyo?"

Hakunijua. Hajawahi kuisikia sauti yangu. Nimepika kwake, nimezaa kwake, nimemzika mwanawe kwake, na miaka yote akiwa karibu mimi nilinong'ona au nilinyamaza.

Atupele akamjibu baba yake, "Ni mkamwana wako, tata. Mama Tuse."

Nilingoja aondoke. Angekuwa na haki. Nikasikia miguu ya kiti inakwaruza chini. Nikachungulia. Alikuwa anakigeuza kiti chake, mwenyewe, taratibu, amekataa kusaidiwa, mpaka akawa amelielekea ziwa na mgongo wake umeelekea jikoni. Akaketi. Akavua kofia, akaiweka kwenye goti.

"Aseme," akasema.

Nikasema shikamoo baba. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Mgongo ukaitikia marahaba.

Nikasema sikuomba ahamishwe. Nilikubali kwa sababu niliambiwa wewe umekubali.

Akaigeuza kofia kwenye goti. Halafu akasema na yeye alikubali kwa sababu aliambiwa mimi nimeomba.

Wanaume wote walimgeukia Gwakisa. Yule mnunuzi alianza kutafuta funguo za gari mfukoni, maskini, kwa aibu isiyokuwa yake. Baba akamwambia kwa upole kwamba tumempotezea muda, atusamehe, chai ipo.

Gwakisa hakukana. Alisimama, na sauti yake ikabadilika, ile tamu ikaondoka. "Nyie wote mliondoka. Kaka akaenda Mbeya, makuli wakaenda, meli ikaenda. Mimi nilibaki hapa na mihogo. Nyie mna makaburi yenu hapa. Mimi nina nini?"

Akawasha pikipiki akaondoka. Na mimi niliyekuwa nimeshinda nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, nikalia. Sijui kwa ajili ya nani hasa. Kwa ajili yangu, kwa ajili ya baba na kofia yake gotini, na kwa ajili ya yule mjinga pia. Alisema kweli. Sisi tuliondoka.

Jumapili, 18 Agosti

Sikwenda kanisani. Gwakisa karudi mchana, kaegesha pikipiki, kakaa nyuma ya nyumba. Nikampelekea wali. Hakuomba radhi. Nikamwambia avue hilo shati. Nimemshonea bega kwa mkono, yeye kakaa kifua wazi ananiangalia. Alipolivaa ndipo akasema, "Shemeji, nisamehe." Nikamwambia bado. Lakini ale.

Jumatatu, 19 Agosti

Baba ametoa uamuzi, Atupele katuletea. Nyumba na makaburi haviuzwi, yeye akiwepo wala asipokuwepo. Shamba la mihogo lililopakana na ghala anapewa Gwakisa. Asiliuze. Akodishe, ajenge vibanda, aweke miavuli, atakavyo. Ila muziki uzimwe watu wanapolala.

Gwakisa tayari anapima kwa hatua. Anataka kupaita Bandarini. Nilimwambia hilo ndilo jambo la kwanza la akili nimelisikia kutoka kwake mwaka huu. Tena akaniomba nimweleze ghala lilikuwaje, na meli, na vyungu vya Wakisi, ili wageni waambiwe ukweli. Nikamweleza mpaka koo likakauka. Alikuwa mdogo sana, anakumbuka honi tu.

Jumanne, 20 Agosti

Asubuhi tulivu. Ziwa halina hata wimbi. Nimetoka mapema kwenda kaburini, nikakuta pameshafagiliwa.

Atupele alinionyesha nafasi zilivyopangwa. Sikuwahi kujua. Mwisho kabisa, mama mkwe. Kando yake nafasi ya baba, kaichagua mwenyewe zamani. Halafu nafasi tupu. Halafu Baba Tuse. Ile tupu ni yangu. Baba ndiye aliyeagiza iachwe, siku ileile tuliyozika.

Nilifurahi, kisha nikahesabu tena na nikaona tatizo. Mume wangu upande mmoja, baba mkwe upande wa pili. Mimi katikati. Nitalala jirani yake kabisa, hata mgomba wa kujifichia hakuna. Sikuweza kuliacha jambo hilo, ndivyo nilivyofundishwa. Tangu Jumamosi hatujaongea tena, wala hatutaongea, nadhani. Lile lilikuwa la siku moja. Basi nikamtuma Atupele akaulize kwa heshima kama hiyo haitakuwa kuvunja kutila.

Nikabaki jikoni namenya ndizi. Baba alikuwa barazani kwake. Nilisikia Atupele anauliza. Nikasikia anafikiri, maana alipofikiri alikuwa anagonga fimbo chini.

Akasema, si kwa kunong'ona, "Mwambie asiwe na wasiwasi. Huko wote tutakuwa tumefumba macho."

Nilicheka. Nilijaribu kuziba mdomo kwa kanga, haikuzibika, nikacheka kwa sauti. Na upande wa pili wa ukuta na yeye akacheka.

Sikuwahi kumsikia akicheka. Kumbe anavuta pumzi kwanza, kwa muda, kama mtu anayetaka kupiga chafya, halafu kicheko kinatoka chote kwa pamoja. Ni kicheko cha Baba Tuse. Hichohicho. Nilidhani tumekizika.

Niliweka kisu chini, nikakaa nikisikiliza mpaka kikaisha.